Mashoto wa tromboni

Asalaam aleikum wazee wangu, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma. Hapa Tanga ukitaja jazi mtu anakumbuka Jamhuri Jazz au Atomic: magitaa yanapokezana, watu wanacheza dansi. Leo nazungumzia jazi ya Marekani, na bwana mmoja aitwaye Locksley Wellington Hampton. Wapenzi wake walimwita Slide, kwa ajili ya ule mrija unaovutwa wa tromboni, chombo cha kupuliza cha jamii ya tarumbeta.

Alizaliwa mwaka 1932 huko Jeannette, Pennsylvania, akakulia Indianapolis. Nyumbani walikuwa watoto 12. Baba na mama waliwafundisha ala, wakaunda bendi ya familia. Nyinyi mliozaliwa kwenye nyumba za ngoma mnajua mambo yalivyo: mtoto haulizwi anapenda nini, hutazamwa pengo liko wapi. Huyu akakabidhiwa tromboni.

Nayo imeungwa kinyume, ya mashoto! Mwenyewe hakuwa mashoto. Lakini hakuna aliyemsahihisha, akaipiga hivyo hivyo hadi uzeeni. Kwetu sisi mtoto akipeleka mkono wa kushoto kwenye sinia la wali, kofi linamwahi njiani.

Halafu chombo chenyewe ni kigumu. Gitaa lina vyuma shingoni vya kukuonyesha pa kubana. Mrija wa tromboni una vituo saba, na hakuna hata kimoja kilichochorwa. Sikio ndilo linalokwambia simama hapa. Ukipitiliza kidogo tu, sauti imepinda, na ukumbi mzima umesikia. Sikio la namna hiyo, naamini mimi, alilipata kwa kukaa katikati ya ndugu zake wanapiga.

Akapitia bendi ya Lionel Hampton (majina yamegongana tu, si ndugu), kisha ya Maynard Ferguson, ambako alisifika kwa kupanga muziki, yaani kuamua nani apige nini, wakati gani. Mwaka 1968 alikwenda Ulaya na bendi ya Woody Herman, asirudi kuishi Marekani hadi 1977. Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, aliipata 1998 kwa kupanga muziki. Alifariki 2021, ana miaka 89.

Ila mimi nampendea jambo moja: aliporudi aliunda kundi la tromboni tisa. Tisa! Kama kwamba anaijenga upya ile nyumba yao.

Haya, zimeni taa tutazame picha. Mtafuteni aliyelaza tromboni bega la kulia.