Harlem ya Siku za Kawaida: Ramani, Polisi na Mchezo wa Namba

Asanteni. Walioko nyuma mnaiona ramani? Vizuri. Hii ni Harlem, kaskazini mwa kisiwa cha Manhattan, jijini New York, na vitone vyote hivi ni mambo yaliyotokea pale kati ya 1915 na 1930. Mtu kagongwa na gari. Wapangaji wamegombana ngazini. Kanisa limefanya tamasha. Kijana kakamatwa na karatasi za kamari mfukoni. Ukikibofya kitone kinakufungulia habari zake: tarehe, mtaa, namba ya nyumba, nani alihusika. Unaweza kuchagua aina ya tukio au mwaka, na ramani inajipanga upya mbele yako.

Harlem wengi tunaijua kwa muziki na ushairi. Tunaijua Savoy, ukumbi wa dansi uliofunguliwa 1926. Tunaijua Cotton Club, ambako Weusi walipiga muziki na kuhudumia meza huku wateja wakiwa Wazungu. Sawa, lakini Weusi wa New York walikuwa 91,709 mwaka 1910 na wakafika 327,706 mwaka 1930, na wengi wao walibanana Harlem. Hawakuwa washairi wote hao. Walikuwa wapagazi, madobi, wapishi, waendesha lifti na watumishi wa majumbani, waliotoka majimbo ya Kusini na visiwa vya Karibi. Hao ndio niliokuja kuwazungumzia.

Kazi hii inaitwa Digital Harlem, nayo ilifanywa na wanahistoria wanne wa Chuo Kikuu cha Sydney: Shane White, Stephen Garton, Stephen Robertson na Graham White. Naam, Sydney ya Australia, upande wa pili wa dunia. Walipekua majalada ya mwendesha mashtaka wa Manhattan, taarifa za maafisa probesheni na magazeti ya Weusi kama New York Age na Amsterdam News. Kila walipokuta tukio lenye anwani, waliliingiza kwenye hifadhidata.

Kupata anwani ni jambo moja, kuiweka mahali pake ni jambo jingine. Leo ukitafuta Seventh Avenue ya Harlem utakuta inaitwa Adam Clayton Powell Jr. Boulevard. Lenox Avenue imepewa jina la Malcolm X, na Eighth Avenue la Frederick Douglass. Isitoshe, kuna mitaa mizima iliyobomolewa ikajengwa maghorofa ya serikali, kwa hiyo nyumba unayoitafuta haipo. Ndiyo maana juu ya ramani ya kisasa walitandaza ramani za kampuni ya Bromley za mwaka 1930, zilizochorwa kwa ajili ya biashara ya majengo. Humo kila kiwanja kimechorwa na namba ya nyumba imeandikwa. Kitone kinakaa mlangoni hasa, hakielei tu katikati ya mtaa.

Sasa tazameni nikichagua kamari. Mnaona? Vitone vimezagaa kila mahali. Huu ni mchezo wa namba, na naomba mniruhusu nikae hapa kidogo kwa sababu ndipo ramani inapolipa jasho la watu wale. Mchezaji alichagua namba ya tarakimu tatu, kuanzia 000 mpaka 999, akaweka senti chache. Namba ya ushindi ilitolewa kwenye hesabu za kila siku za Clearing House, taasisi ya kusawazisha hundi za mabenki, ambazo magazeti yalizichapisha. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kupanga matokeo, na kila mtu aliweza kuhakikisha mwenyewe kwa kununua gazeti. Ukipata, kawaida ulilipwa mara 600 ya ulichoweka. Wenye hesabu zenu mmeshaona: uwezekano ni mmoja kwa elfu, kwa hiyo mwenye benki ya kamari halali njaa. Watu walikuwa na vitabu vya kuagua ndoto, ukiota samaki kuna namba yake, ukiota maiti kuna namba yake. (Naona wengine mnatabasamu. Namba zenyewe sizijui, msiniulize.)

Mabosi wa mchezo huu, Casper Holstein na Stephanie St. Clair, wanajulikana. Mkusanyaji wa mtaani, aliyepita nyumba kwa nyumba na karatasi zake, hajulikani. Kukutwa na karatasi zile kulikuwa kosa la jinai, na kwa sababu hiyo tu ameingia kwenye majalada, na kutoka humo akaingia kwenye ramani. Alikuwa kwenye duka la sigara, kinyozini, kwenye ngazi za nyumba za kupanga. Ukisoma kesi moja moja, kamari inaonekana kama uhalifu wa vichochoroni. Ukiziona zote pamoja juu ya mitaa, unaona ni shughuli ya kila asubuhi, jirani kabisa na kanisa na soko.

Lakini nani aliweka kitone pale? Polisi. Kitone cha kamari ni mahali ambapo askari alimkamata mtu, na askari hakuwa kila mahali. Mkusanyaji aliyejua kumlainisha askari hayupo kwenye ramani. Huwa nawaambia wanafunzi wangu: mtaa usio na vitone usiuite mtaa mtulivu mpaka umejua nani alikuwa akiuandika.

Watumishi wa majumbani ni mfano mzuri zaidi. Wanawake wengi wa Harlem walitoka asubuhi kwenda kufua na kupika katika nyumba za Wazungu nje ya mtaa wao, na jasho lao lote la mchana liko nje ya ramani hii. Wanachomoza Alhamisi jioni, siku yao ya mapumziko, kwenye kumbi za dansi, na Jumapili kanisani, kwa sababu magazeti ya Weusi yalikuwa na safu za habari za mikutano na sherehe. Bila safu zile, ambazo wanahistoria wengi walizipita kama umbea, tungebaki na Harlem ya majambazi na wahanga wao tu.

Ramani imesahihisha pia picha ya Harlem kama mji wa Weusi peke yao. Wazungu hawakuja usiku tu kucheza dansi. Mchana walikuwa wenye maduka, wenye nyumba, askari na madereva waliopita katikati ya mtaa, na ugomvi wa dukani na ajali za barabarani vinawaonyesha wazi. Barabara ya 125 ilijaa maduka ya Wazungu yaliyowauzia Weusi lakini hayakutaka kuwaajiri kama wauzaji. Mwaka 1934 watu walisusia duka la Blumstein mpaka likakubali kuajiri. Machi 19 mwaka uliofuata, kijana wa miaka 16 alikamatwa akiiba kisu kidogo katika duka la Kress, barabara hiyohiyo. Polisi wakamtoa kwa mlango wa nyuma, uvumi ukaenea kwamba ameuawa, na usiku ule madirisha ya maduka yakavunjwa.

Robertson ameendelea na kazi kwa kuuchambua usiku huo tukio kwa tukio. Mkienda kuangalia, msianze na duka la Kress. Chukueni dirisha moja lililovunjwa mbali na pale, muulize lilivunjwa saa ngapi, duka lilikuwa la nani, na nani alikamatwa mbele yake. Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.