Kitendawili Si Maandalizi ya Utenzi: Mhadhara Kuhusu Ubunifu wa Filamu Fupi

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na leo nitalisema tena, kwa sababu kila mwaka mwanafunzi huniletea filamu ya dakika kumi na maneno yaleyale: "Mwalimu, hii ni ya kujaribia tu, filamu yenyewe inakuja." Filamu yenyewe ni ipi? Ni ile ya saa moja na nusu ambayo bado hajapata fedha za kuipiga. Katika lugha yetu hakuna anayemsikia mtu akitega kitendawili akadhani kwamba anajifunza kutunga utenzi. Kitendawili kimetimia hapo kilipo. Kina mtego wake, kina jibu lake, na anayeshindwa kukitegua hutoa mji. Lakini filamu fupi tumeifanya kipandio cha kukanyagwa na kuachwa chini, ndiyo maana hatuzitafuti zile zilizo bora, na kwa kuwa hatuzitafuti hatujui ubunifu wake huanzia wapi.

Huanzia katika sharti. Mtengenezaji hujiwekea sharti moja, wakati mwingine la ajabu kabisa, kisha hulitii mpaka mwisho. Nitalionyesha hilo kwa filamu moja ya dakika nane, iitwayo "Neighbours", yaani majirani, ambayo Norman McLaren aliitengeneza nchini Kanada mwaka 1952.

Wanaume wawili wameketi kwenye viti vya kupumzikia, kila mmoja mbele ya nyumba yake, wakisoma magazeti. Nyumba zenyewe ni mbao zilizopakwa rangi na kusimamishwa nyasini, wala hazijifichi kwamba ni mapambo. Gazeti moja linatangaza kwamba vita ni hakika pasipo amani, na la pili kwamba amani ni hakika pasipo vita. Ua dogo linachipua kati yao. Wote wawili wanalisogelea, wanalinusa, wanafurahi kupita kiasi, kisha linazuka swali ambalo kila mtu aliyewahi kuona ugomvi wa mpaka wa shamba analifahamu: ua hili limeota upande wa nani? Uzio unawekwa, ngumi zinarushwa, nyumba zinabomolewa, wake na watoto wanauawa, ua lenyewe linakanyagwa katika purukushani, na mwishowe majirani wote wawili wamelala makaburini, kila kaburi likiwa na ua lake juu. Maneno ya kumtaka mtu ampende jirani yake yanatokea katika lugha nyingi, na filamu inakwisha.

Hadithi hiyo angeweza kuibuni mtu yeyote katika ukumbi huu. Kilichoifanya itazamwe kwa miongo saba ni namna ilivyopigwa. Kwa kawaida kamera huchukua fremu, yaani picha mojamoja, 24 kwa kila sekunde bila kusita. McLaren aliwafanyia waigizaji hai yale ambayo watengeneza katuni huwafanyia vikaragosi: husimama, hupigwa picha, husogea kidogo, hupigwa picha tena. Zinapoonyeshwa mfululizo, watu hao huteleza juu ya nyasi bila kunyanyua miguu. Kuna mahali jirani mmoja, kwa furaha ya harufu ya ua, anapaa na kuelea hewani. Hapakuwa na kamba wala mashine. Mwigizaji aliruka, na kamera ikachukua fremu moja alipokuwa juu kabisa. Akashuka, akasogea hatua ndogo, akaruka tena, ikachukuliwa fremu nyingine. Na hivyo hivyo, ruko baada ya ruko, mpaka ikapatikana safari ya sekunde chache angani. Kila ninapoitazama sehemu hiyo ninauona mwili uliochoka nyuma ya wepesi ule, na ninataka nanyi muuone, kwa sababu ubunifu ninaouzungumzia hauko katika wazo la kupaa, ambalo hata mtoto analo, bali uko katika subira ya kuruka mara nyingi kwa ajili ya kupaa mara moja.

Sauti nayo imetii sharti. Hakuna anayezungumza, na muziki haukupigwa kwa ala yoyote. McLaren alipiga picha kadi zilizochorwa mistari, akaziweka katika ule ukingo mwembamba wa filamu ambao mashine huusoma kama sauti, na mlio uliotoka ni mkavu, wa kukwaruza, usiofanana na kinanda wala ngoma.

Hapa huwa naulizwa kama huo si ujanja wa ufundi tu, na swali hilo linanikera kila mara, kwa kuwa linatenganisha vitu ambavyo filamu yenyewe imeviunganisha. McLaren alikuwa China mwaka 1949 katika kazi ya UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, akiwafundisha wachoraji kutengeneza picha za elimu ya afya, na mapinduzi yakamkuta huko. Aliporudi Kanada, vita vya Korea vilianza, na Wachina aliokuwa amewazoea wakaitwa maadui. Majirani wake hawatembei kama watu; wanasukumwa kama vifaa. Mtu anayepigana kama kifaa ndicho hasa alichotaka tukione. Ungeipiga hadithi hiyohiyo kwa mwendo wa kawaida, ingekuwa mahubiri, na tungeyasahau kabla ya kufika nyumbani. Filamu hiyo ilipewa tuzo ya Oscar katika kundi la filamu fupi za hali halisi, ingawa hakuna fremu yake hata moja inayofanana na hali halisi kama tunavyoizoea, na mimi siioni tuzo hiyo kuwa kosa.

Swali la pili ni zito zaidi, nami ninaliheshimu. Ninaambiwa kwamba McLaren alikuwa mwajiriwa wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, mwenye mshahara, vifaa na muda, na kwamba ni rahisi kusifu sharti ukiwa umeshiba. Ni kweli, na nchi zetu zingekuwa na chombo cha namna hiyo ningekuwa wa kwanza kushangilia. Sisemi kwamba umaskini huzaa sanaa. Umaskini huua sanaa, na nimewaona vijana wenye vipaji wakiacha kazi hii kwa sababu ya njaa. Ninachosema ni kwamba ukosefu ni kitu kimoja na sharti ni kitu kingine, na msanii ndiye anayeweza kuugeuza wa kwanza uwe la pili. McLaren huyohuyo, alipokuwa mwanafunzi wa sanaa mjini Glasgow, Uskoti, hakuwa na kamera. Alichukua filamu kuukuu, akailoweka katika beseni la kuogea mpaka picha zote zikaondoka na utepe ukabaki mweupe, kisha akachora kwa mkono juu ya utepe huo. Miaka mingi baadaye, akiwa na kamera alizozihitaji, aliendelea kuchora moja kwa moja juu ya utepe. Kilichoanza kama ukosefu kilikuwa kimeshakuwa lugha yake.

Watunzi wetu wa mashairi wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Anayetunga shairi la mizani 16 kwa kila mshororo, nane ukwapi na nane utao, haketi kulalamika kwamba amenyimwa mizani ya 17. Kina kinamkatalia neno la kwanza lililomjia, kinamkatalia la pili, na la tatu analolipata baada ya kutafuta ndilo ambalo asingelifikiria kamwe kama angeachiwa huru.

Muda unanikimbia, kwa hiyo nitapita kwa haraka kwa mifano mingine. Mwaka 1962 Chris Marker wa Ufaransa alitoa "La Jetée", filamu ya dakika 28 inayosimulia safari ya kurudi katika wakati uliopita baada ya vita kuiangamiza Paris, na karibu yote imeundwa kwa picha za mnato zikifuatana chini ya sauti ya msimulizi. Ni mara moja tu ambapo picha inajongea: mwanamke aliyelala anafumbua macho na kupepesa. Ni sekunde chache, na katika filamu nyingine yoyote usingezitambua, lakini hapa zinakushtua kama mtu aliyekudhihirikia akiwa hai kweli.

Mwaka uliofuata Ousmane Sembène wa Senegal alitoa "Borom Sarret", siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Sauti haikunaswa pamoja na picha, bali iliwekwa baadaye, na Sembène akaitumia hali hiyo kutuingiza ndani ya kichwa cha mtu yule, tukayasikia anayoyawaza kuhusu abiria wasiolipa, kuhusu mwimbaji anayewasifu mababu zake mpaka anamwachia pesa zote, na kuhusu mtaa wa wakubwa ambako mkokoteni wake unakamatwa. Naye Wanuri Kahiu wa Kenya, katika "Pumzi" ya mwaka 2009, alijifungia katika ulimwengu usio na maji wala miti, ambamo jasho la mtu husafishwa akalinywa tena. Nilikusudia kuizungumzia kwa kirefu, lakini naona mwenyekiti amekwisha kutazama saa yake mara mbili.

Niseme basi neno kuhusu kuzipata. Msingojee zitangazwe, kwa sababu filamu fupi haina mabango barabarani. Katika matamasha, likiwamo la Zanzibar, ingieni katika vipindi vya filamu fupi badala ya kungoja filamu kubwa ya usiku. Bodi ya Kanada niliyoitaja imeweka kazi zake nyingi katika tovuti yake, nazo hutazamwa bure. Mkiipata iliyowagusa, itazameni mara ya pili siku hiyohiyo, na mjiulize mtengenezaji alijikataza nini.

Sasa tutaitazama "Borom Sarret". Haifiki hata nusu saa. Tutaionyesha kwanza ikiwa na sauti, kisha tutaizima sauti na kuirudia tangu mwanzo, na ninaomba kila mmoja aandike mahali ambapo amemkosa yule mwendesha mkokoteni. Ndugu zetu walio karibu na madirisha, tafadhali shusheni mapazia.