Namna ya kushona mkanda wa kichwani wenye spika za kulalia

Karibu, mtazamaji. Niko nyumbani Pasua, hapa Moshi, na mezani nimeweka fulana ya mtumba niliyoichagua soko la Memorial, hedifoni nyepesi ya bei ndogo, mkasi, koleo, futi ya fundi nguo na kipande cha sabuni. Kwa vitu hivi nitakuonyesha jinsi ya kushona mkanda wa kichwani wenye spika mbili bapa ndani yake, ambao unaweza kuuvaa ukalala ubavu huku ukisikiliza redio, kisomo au mahubiri, mpaka usingizi ukuchukue.

Kabla sijashika mkasi, naomba utazame sikio langu kwa karibu. Hiki ni kipokea sauti cha kuchomeka sikioni. Nikiwa nimekaa wima, nasahau hata kama nimekivaa. Sasa nalaza kichwa juu ya mto: unaona jinsi mto unavyokisukuma ndani, hivyo kwamba uzito wa kichwa unaegemea ngozi laini ya tundu la sikio. Nilivitumia hivi kwa miezi kadhaa, na alfajiri nyingi niliamka sikio la kulia likiuma kama lililofinywa usiku kucha. Isitoshe, kitu kinachokaa tunduni kwa muda mrefu husukuma nta kwenda ndani badala ya kuiacha itoke yenyewe. Hedifoni kubwa yenye upinde haifai hata kujaribiwa, labda kwa mtu anayelala chali bila kugeuka. Kwa hiyo unapotafuta kifaa cha kulalia, uwe unanunua au unatengeneza, uliza kwanza unene wake, kisha ndipo uulize bei.

Hatua ya kwanza ni kuzitoa spika kwenye hedifoni. Chagua ile ya kizamani yenye waya, ambayo kila upande una kidude cha duara kinachokaa juu ya sikio, kimefunikwa kwa sponji. Ichomeke kwenye simu kwanza na uhakikishe kwamba pande zote mbili zinalia, kwa sababu ukishaivunja muuzaji hataipokea tena. Vua sponji na uziweke pembeni, tutazihitaji. Chini ya sponji utaona kifuniko cha plastiki chenye vitundu. Ingiza ncha ya bisibisi bapa ukingoni na ukinyanyue polepole, ukizunguka duara lote, mpaka kiachie.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Ndani utakuta spika yenyewe, bapa kama kifuniko cha chupa ya soda, na nyuma yake nyaya mbili nyembamba kama nywele zilizolehemiwa kwa tone dogo la risasi. Ukivuta spika kwa nguvu, nyaya hizo zitakatika, nawe utalazimika kumtafuta fundi simu. Badala ya kuvuta, shika gamba la plastiki kwa koleo na ulivunje vipande vidogo vidogo, ukianzia mbali na mahali waya unapoingilia, hadi waya ubaki huru. Utaona pia fundo kwenye waya, karibu na tundu ulimopita. Lisikutie hamu ya kulifungua: fundo hilo lipo ili waya ukivutwa, mvuto uishie kwenye gamba na usifike kwenye ile risasi. Gamba likishaondoka, kazi hiyo tutaipa kitambaa, nami nitalishonea fundo ndani ya mkanda kwa mishono mitatu ya mkono.

Nyuma ya spika kuna vitundu vidogo vya hewa ambavyo havipaswi kuzibwa, kwani ukivijaza gundi sauti itabadilika. Mimi hufunika ile sehemu yenye risasi tu kwa kipande cha plasta ya kitambaa, ile ya kubandikia kidonda. Ukiisikiliza spika ikiwa wazi namna hii utagundua kwamba besi imepungua sana, maana bila gamba mawimbi ya sauti ya mbele na ya nyuma yanakutana na kufutana. Anayetaka besi ya muziki wa dansi atasikitika. Kwa sauti ya mtu anayezungumza, hasara hiyo haionekani.

Hatua ya pili ni mkanda. Zungushia futi kichwani, ikipita katikati ya paji la uso, juu ya masikio na kwenye kisogo. Kichwa changu kina sentimita 57. Kwa kuwa kitambaa cha fulana kinavutika, natoa sentimita 5 ili mkanda ushike bila kubana, halafu naongeza 2 za mshono. Nakata kipande cha urefu wa sentimita 54 na upana wa 20. Hakikisha kitambaa kinavutika kwa upande wa urefu, la sivyo mkanda hautapita kichwani. Kwa Moshi, ambako Januari na Februari mtu hutoka jasho hata akiwa amelala, pamba nyepesi ndiyo inayofaa. Ndugu zetu wa Arusha wanaweza kutumia kitambaa cha sweta laini, hasa katika baridi ya Juni na Julai.

Kunja kipande kwa urefu, upande mzuri ukiwa ndani, na ushone kwa zigizaga, kwa sababu mshono ulionyooka hukatika kitambaa kinapovutwa. Anza kushona kutoka ncha moja, ukifika katikati acha nafasi ya sentimita 6 bila kushona, kisha uendelee hadi mwisho. Geuza, unganisha ncha mbili ili lipatikane duara, na mkanda utakuwa na upana wa sentimita 9. Ule mwanya uliouacha utakaa kisogoni, kwenye ukingo wa juu; mshono unaounganisha ncha utakuwa pajini, ambako hakuna anayelalia isipokuwa mwenye kulala kifudifudi.

Hatua ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote, nami naomba usiiharakishe. Usipime mahali pa spika mkanda ukiwa mezani, kwa maana ukiuvaa utavutika na alama zote zitahama. Uvae, tafuta kwa kidole kile kinundu cha nyama kilicho mbele ya tundu la sikio, na uchore duara kwa sabuni juu yake. Spika isikae katikati ya tundu wala juu ya kinundu chenyewe; isogeze kidogo kuelekea nyuma, ili kinundu kiwe kwenye ukingo wa duara. Kisha lala. Ndiyo, lala kabisa juu ya mto wako wa kila siku, upande wa kulia kwa dakika mbili, upande wa kushoto kwa dakika mbili. Mimi nilisahihisha alama mara tatu, na tofauti kati ya mahali panapouma na mahali pasipouma ilikuwa kama upana wa kidole.

Ukiridhika, ingiza spika kupitia mwanya, upande wenye vitundu ukielekea sikioni, na mbele ya kila moja uweke duara la sponji uliyoivua mwanzoni. Zungushia mishono michache ya mkono ili isitembee. Toa waya kupitia mwanya na uuelekeze juu, upande wa kichwa cha kitanda. Kamwe usiuache ushuke shingoni, na kwa sababu hiyohiyo mkanda huu wenye waya si wa kumvalisha mtoto.

Sasa tuje kwenye simu. Nyingi za siku hizi hazina tundu la waya. iPhone, kwa mfano, ililiacha tangu toleo la 7 la mwaka 2016, hivyo utahitaji adapta. Mwenye simu ya zamani yenye redio ana faida ya ziada, kwani waya wa hedifoni ndio unaofanya kazi ya antena. Ingia kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility) na uwashe sauti ya mono: spika zote mbili zitatoa sauti ileile, na hata moja ikizibwa na mto hutakosa neno.

Kisha weka kipima muda. Programu nyingi za kusikilizia zinacho, na kwenye iPhone unaweza kukipata ndani ya programu ya Saa, ukachagua sauti isimame muda ukiisha. Dakika 30 zinanitosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki za sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kila sauti inapopanda kwa desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Anayeacha sauti ilie kwa muda wa saa 7 kila usiku amefikisha saa 49 kabla hajahesabu aliyosikiliza mchana. Sauti ya kulalia iwe chini sana ya hapo: vua mkanda, ushike kwa mkono ulionyooshwa, na kama bado unasikia maneno, punguza. Unapaswa pia kumsikia mtoto akilia au mtu akigonga geti. Mvua ya masika ikianza kupiga bati, usishindane nayo. Zima, mvua yenyewe inabembeleza.

Simu ikae juu ya stuli, isiwekwe chini ya mto, na isiwe kwenye chaji wakati umevaa mkanda wenye waya, maana chaja mbovu inaweza kupitisha umeme hadi kichwani kwako. Mwenye sikio linalouma au linalotoa usaha asivae chochote mpaka aonwe na daktari. Hapa Moshi hospitali ya KCMC ina idara ya masikio, pua na koo.

Uliobaki ni usafi. Kila Jumamosi nakata ile mishono michache ya mkono, navuta spika kupitia mwanya, nafua mkanda kwa sabuni ya kawaida na kuuanika kivulini ili usilegee. Niliwahi kufunga mwanya kwa kifungo kimoja kidogo, nikajikuta nimekilalia usiku wa manane. Tangu hapo nauacha wazi, na kitambaa chenyewe kinajikunja na kuufunika.