Usimwandame Tabibu wa Mtaani Kwako

Assalam aleikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango mkidhani sijawaona.

Nimeombwa nizungumze na wanaotaka kusomea utabibu, jinsi ya kupata nafasi ya kumwandama tabibu kazini, yaani kukaa kando na kumtazama afisa wa kliniki akitibu, kabla ya kujiunga na chuo. Mambo ya alama za KCSE na karo mmeshayasikia kwa walimu wenu, siyarudii. Baadhi yenu mmenisikia nikilisema hili harusini, hata ndani ya boti ya Mokowe. Vumilieni. Nitaacha kulisema siku nitakayoona limefanywa.

Neno langu ni hili: kijana wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, asiende kumwandama tabibu wa Langoni. Wa Mkomani hali kadhalika. Vukeni maji.

Nawajua mnavyofanya. Mtoto akitamka tu kwamba anataka utabibu, mama yake keshakumbuka: ami yake yuko hospitali, shangazi yake muuguzi. Inapigwa simu moja, na keshoye mtoto kavaa koti jeupe la kuazima, kaketi pembeni ya meza chumba cha kutibia. Barua hakuandika, swali hakuulizwa. Na mzee anasifiwa kwamba amemsaidia mtoto.

Sasa sikilizeni. Kituo sikitaji, na watu nawasitiri. Binti mmoja hodari, darasani hakushindwa na mtu, aliketishwa na jamaa yake namna hiyohiyo. Asubuhi akaingia mama aliyekuwa foleni tangu mlango haujafunguliwa. Akafunga mlango, akainua ninja yake iliyofunika uso, akamwona binti. Wanajuana. Nyumba zao zinatazamana, na kichochoro kilicho katikati punda wawili hawapishani. Binti, kwa adabu zake, akaamkia: shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu. Tabibu akauliza, una nini leo? Mama akajibu, kikohozi tu.

Tabibu akasikiliza kifua, kikavu na safi. Akauliza siku ngapi, usiku hali gani, makohozi yapo? Majibu yakawa ya neno mojamoja. Akaandikiwa dawa ya kikohozi, akaandikwa kikohozi kwenye MOH 204, daftari la wagonjwa wa nje, akaenda zake. Wiki kadhaa baadaye akarudi, binti hayupo, akasema lile lililomleta siku ya kwanza: donge kwenye titi.

Tabibu mwenyewe ndiye aliyenihadithia. Tangu hapo haketishi mtu wa mtaa ule chumbani kwake, awe mtoto wa nani.

Mtanijibu: lakini binti hakusema kitu kwa mtu! Kweli, hakusema. Hakuwa na la kusema, kwa sababu mama hakulitoa. Ndilo ninalolilalamikia. Mnafikiri siri ya mgonjwa huharibika ikivuja tu. Huharibika pia ikikataa kutoka, na hiyo hakuna atakayeshtakiwa kwayo. Katiba ibara ya 31 inalinda faragha ya mtu, Sheria ya Afya ya 2017 inalinda habari za mgonjwa, lakini yule mama hakuwa akifikiria Katiba. Alikuwa akifikiria kichochoro.

Kuna kijana aliniuliza mwaka jana, mbona pale kwenye hospitali ya punda, kando ya bahari, watu wanasimama kutazama na hakuna anayefukuzwa? Mwanangu, ile imekuwapo tangu 1987 na sijasikia punda aliyeogopa jirani yake kujua ana kidonda mgongoni. Ukitaka kutazama bila kuomba, nenda pale. Kwa binadamu utaomba.

Na kuomba kwenyewe kuna namna yake. Wengine husema, tabibu si amwulize mgonjwa kama anaridhika? Lazima amwulize, tena kila mgonjwa, si mara moja asubuhi. Lakini mwulize mama wa Kiamu mbele ya mtoto wa watu, "Huyu akae au atoke?" Atajibu nini? "Akae tu, mwanangu huyo." Heshima imemfunga mdomo. Kwa hiyo wewe unayeandama ukae nje ya mlango, ruhusa iombwe hujaonekana. Ukiambiwa usiingie, huingii, wala huulizi kwa nini. Kama tabibu hajazoea kufanya hivyo, mwombe wewe. Hatakuona mjinga. Atakuona umefundwa.

Basi uende wapi? Ukiwa wa mji huu, kuna Faza, kuna Kizingitini, kuna Mpeketoni, kuna Witu. Wa Mpeketoni waje huku, au waende Malindi kama wana pa kulala. Na usiikimbilie hospitali kubwa kwa sababu ina jengo. Hospitalini utamfuata mkubwa kwenye wodi, mbele yako wanafunzi wa chuo, mbele yao interni walio mwaka wa mafunzo kazini, utakachokiona ni migongo ya watu. Kituo cha afya kina tabibu mmoja au wawili, na kila kinachoingia mlangoni kinapita mikononi mwao. Utaona homa na kipimo cha malaria cha tone la damu. Utaona mvuvi mwenye ndoana kidoleni, na tabibu anaisukuma mbele itokeze ncha, aikate kile kijino chake, ndipo airudishe nyuma. Siku hiyo utajua kama tumbo lako linastahimili. Utaona aliyechomwa na samaki taa, mguu wake ukitiwa kwenye maji ya moto kiasi cha ngozi kustahimili, kwa sababu joto linaiharibu sumu ile. Na zaidi ya hayo yote utaona kuandika. Daftari, fomu, daftari. Ukichoshwa na kuandika siku ya pili, umegundua jambo kubwa kwa nauli ya boti.

Nasikia mnanong'ona: KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, hawaulizi saa za kuandama tabibu. Wanaangalia alama. Ni kweli, hawaulizi. Ndiyo sababu ujiulize mwenyewe! Diploma ni miaka mitatu, kisha mwaka wa mafunzo kazini, ndipo upewe leseni. Baba auze shamba, wewe mwaka wa pili ugundue hupendi kusikiliza watu wakieleza maumivu yao kuanzia harusi ya dada yao? Maana ndivyo wagonjwa wanavyoeleza, na tabibu mzuri hawakatizi.

Wale wenye jamaa Marekani, wanaotaka kuwa physician assistant huko, mtu anayetibu akishirikiana na daktari, kwao mambo ni mengine, na nitayapitia haraka maana ni wachache. Kazi ile ilianzia Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, 1965. Dkt. Eugene Stead aliwachukua wanaume wanne waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini, na watatu wakahitimu 1967. Angalieni alianza na nani: watu waliokwisha kuviona vidonda. Hadi leo vyuo vyao vinapenda mtu aliyekwisha kuiona kazi. Kozi siku hizi ni shahada ya uzamili, kwa hiyo kwanza uwe na digrii. Maombi mengi hupitia mfumo uitwao CASPA, na ndani yake saa za kutazama zina mahali pake na saa za kumhudumia mgonjwa kwa mikono yako zina pake. Usizichanganye. Vyuo havina sharti moja: kimoja kinataka saa za kutazama, kingine hakizitaji kabisa. Physician assistant hapa Lamu humpati, hivyo utamwandama tabibu wetu, afisa wa kliniki, ambaye kazi yake ndiyo iliyo karibu zaidi na ile. Lakini kabla ya kuhesabu saa hizo, kiandikie chuo ukiulize kama kinazikubali. Na uandike tarehe na saa siku hiyohiyo, tabibu atie sahihi hapohapo. Anayekuja kwangu baada ya mwaka kutaka nimsainie saa asizokaa, namwambia mapema asije.

Na msione tumechelewa kuliko wao. Chuo ambacho leo ni KMTC kilianza 1927.

Naona mwenyekiti anaangalia saa yake. Barua, basi. Zahanati na kituo cha afya, mwandikie msimamizi wa kituo. Hospitali, mwandikie msimamizi mkuu wa tiba, na nakala idara ya afya ya kaunti. Ukurasa mmoja. Sema wewe ni nani, unataka siku zipi, na uyataje usiyoyafanya kuliko utakayoyafanya: hutamgusa mgonjwa, hutapiga picha, hutaandika jina la mtu kwenye daftari lako. Peleka kwa mkono. Usipeleke Jumatatu asubuhi, foleni inafika nje. Wakati wa mgomo usiende kabisa, maana utatumiwa kujaza pengo usilolijua. Wiki ya Maulidi nayo, hakuna atakayekusoma.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu, ya mwisho hufika miezi sita baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo anza sasa, usingoje barua ya chuo. Viatu vya kufunika vidole. Simu ibaki nyumbani. Si mfukoni, nyumbani.

Nilikuwa na maneno kuhusu kliniki za watu binafsi na kuhusu wazazi wasioruhusu mabinti kulala Faza. Hilo la mabinti linajibika: mtafutie jamaa wa kike wa kumpokea, na kama hayupo, aende na kurudi siku hiyohiyo kwenye kituo cha bara, Hindi au Mokowe, ambako hamjuani. Mama aliyenikunjia uso pale mbele, njoo tuongee nikishuka. Nitakutajia matabibu wa kike walioko huko.