Ukisema "nitakuombea", basi omba

Bwana asifiwe. Naona wengine mmeshaanza kutabasamu, mnasema huyu leo tena kaja na Ayubu wake wa kwenye Biblia. Ndiyo, nimekuja naye na nitaendelea kuja naye mpaka tuache hii tabia.

Tabia gani? Mtu anaandika kwenye grupu la WhatsApp jamani mama yangu kalazwa, ndani ya dakika moja emoji za mikono zimejaa skrini nzima, tunakuombea, Mungu ni mwema, tuko pamoja, halafu huyoo tumerudi kwenye vichekesho. Nani kaomba? Sisemi emoji ni dhambi, msije mkaninukuu vibaya. Nasema ukishasema utaomba basi omba hapo hapo kabla hujafungua meseji nyingine, mana kesho utakuwa umesahau hata alikuwa mama wa nani.

Sasa Ayubu. Mzee kapoteza mifugo, kazika watoto 10, mwili mzima majipu, kakaa kwenye majivu anajikuna na kigae. Wanakuja rafiki zake, Elifazi, Bildadi na Sofari, na hawa jamaa tunawasema vibaya sana lakini walianza vizuri kuliko sisi. Walipatana waende pamoja, wakafunga safari, walipomuona wakalia, wakakaa naye chini siku 7 mchana na usiku, hakuna aliyemwambia hata neno moja kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Siku 7! Sisi dakika 7 tu msibani tumeshaanza kumweleza mfiwa mpango wa Mungu.

Shida ilianza walipofungua midomo. Elifazi anamuuliza, ni nani asiye na hatia aliyewahi kuangamia? Bildadi ndo kabisa, anamgusia kwamba watoto wamekufa kwa makosa yao wenyewe. Jamani! Kaburi bado bichi unamwambia mtu hivyo? Na msicheke, mana wapo walioambiwa mimba imetoka kwa sababu hawafungi na kuomba vya kutosha, tena wameambiwa na mtu ana Biblia kwapani. Ayubu akachoka akawaambia nyie wote ni wafariji wenye kutaabisha.

Kuna mtu ataniambia, sasa mwalimu, kama ana dhambi tusimuonye? Muonye, lakini uwe na uhakika. Shida ni kwamba hawa watatu uhakika walikuwa nao tele na bado walikosea, sura ya 42 ya kitabu cha Ayubu Mungu mwenyewe anawaambia hamkunena yaliyo sawa.

Na hapo ndo panaponimaliza mimi. Wanaambiwa nendeni kwa Ayubu, yeye ndo atawaombea. Mnaona hiyo? Mgonjwa anawaombea waliokuja kumpa pole! Hatujasomewa bado kwamba majipu yamekauka, mifugo haijarudi, na imeandikwa Bwana aliugeuza uteka wa Ayubu, yaani alimrudishia hali yake, hapo alipowaombea rafiki zake. Kwa hiyo huyo unayemuonea huruma usimfanye mzigo wa kanisa, mwambie na wewe akuombee. Pengine anaomba kuliko wewe, usiku wa manane wakati unakoroma yeye yuko magotini.

Nilikuwa na Onesiforo pia, yule aliyemtafuta mtume Paulo aliyefungwa huko Rumi mpaka akampata wala hakuuonea haya mnyororo wake, na Yakobo 2, ile ya kumwambia mwenye njaa nenda kwa amani ukashibe na mkononi hujampa kitu, hizo mtasoma wenyewe, mzee wa zamu keshanionyesha saa mara ya pili.

Haya tusimame. Mgeukie mwenzako, usimwambie tu tuombeane ukaishia hapo, muulize ana nini hasa, ni kesi, ni mtoto, ni majibu ya vipimo anayasubiri, na akikuambia tafadhali usimpe ushauri, muombee sasa hivi kwa hilo hilo alilolisema, ukimaliza naye akuombee wewe. Na nyie wa nyuma mnaonyemelea mlango nawaona, rudini.