Spea ya Majuu na Karatasi Yake

Mabibi na mabwana, mafundi na wanafunzi mliofika, asanteni. Hapa Kisumu mtu akitafuta beringi ya bodaboda, muuzaji akimwambia "hii ni ya majuu," mkono unaingia mfukoni bila swali. Sasa fikirieni ndege zinazotua pale uwanjani kwetu: karibu kila kilichomo kimetoka ng'ambo. Je, huko nako tusiulize?

Mwaka 2023 mafundi wa shirika la ndege la TAP la Ureno walishika kipuri kidogo cha injini ya CFM56, kile cha kupunguza mtetemo. Karatasi ilisema ni kipya, lakini macho yao yaliona chuma kilichochakaa. Wakawauliza Safran wa Ufaransa, ambao ni miongoni mwa waundaji wa injini hiyo, wakajibiwa kwamba hati ile imeghushiwa. Muuzaji alikuwa kampuni ya London, AOG Technics. London, jamani! Mashirika kadhaa yakalazimika kukagua injini zao na kung'oa vipuri hivyo.

Lakini linaloniuma zaidi ni la Japani, kwa sababu pale hakukuwa na tapeli. Mwaka 1978 Boeing 747 ya Japan Airlines iliburuza mkia ikitua Osaka. Ukuta wa nyuma, ule unaozuia hewa ya ndani isitoke, ukaharibika. Waliokuja kuutengeneza ni watu wa Boeing wenyewe. Bamba la kiungo lilitakiwa liwe moja, lishikwe na zaidi ya safu moja ya ribiti, yaani pini za chuma za kuunganisha mabamba. Likawekwa likiwa vipande viwili, mzigo ukabaki kwa safu moja. Ndege ikaruka miaka saba, safari zaidi ya 12,000, nyufa zikikua kidogo kidogo pale kwenye ribiti. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ukapasuka, ndege ikaanguka. Walikufa watu 520, wakapona wanne tu.

Kwa hiyo nyinyi vijana mtakaoingia karakana, sanduku likifunguliwa, msianze na jina la nchi. Someni namba iliyochongwa kwenye kipuri, mlinganishe na ya hati. Ikitofautiana hata tarakimu moja, kifungeni lebo nyekundu, kiwekeni kwenye kabati la kufuli, mmpigie simu mtengenezaji. Bosi atalalamika kwamba ndege imelala chini. Mwacheni alalamike, ufunguo ukae mfukoni mwako mpaka jibu lije.