Samaki Tunaowanunua na Nyavu Tunazozilipia

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa Amu. Nimeombwa nizungumze juu ya uadilifu wa mnunuzi katika mambo ya kila siku, nami nitabaki kwenye samaki, kwa sababu ndiye tunayemnunua karibu kila siku bila kuuliza amevuliwa vipi.

Juya lilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001, na bado samaki wake hawakosi mnunuzi. Wavu huo wenye matundu madogo hukokotwa chini kabisa, juu ya nyasi za baharini ambamo tafi na changu wachanga hujificha na kupata chakula. Humzoa mkubwa pamoja na ambaye hajawahi kutaga hata mara moja, na huharibu makao ya watakaozaliwa. Dema, yaani mtego wa kusukwa, likiwa na matundu mapana humwachia mdogo njia ya kutokea, na mshipi huvua samaki mmoja mmoja. Wavuvi wanayajua haya kuliko mimi. Ninalotaka tulikubali ni kwamba tunapochukua fungu la changu wachanga kwa kuwa ni rahisi, tumempa mwenye juya sababu ya kurudi kesho.

Hata hivyo, udogo peke yake si kosa, kwani dagaa na uduvi ni wadogo kwa maumbile yao. Wala ukubwa peke yake si sifa: tewa wengi huanza maisha wakiwa majike na wakishakua hugeuka madume, kwa hiyo tukishindania wakubwa tu, tunawamaliza madume. Kamba mawe jike naye hubeba mayai chini ya mkia, maelfu kwa maelfu, na aliye na mayai hafai kununuliwa kwa bei yoyote.

Simtwishi lawama mama mwenye shilingi chache. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka na wavuvi wengi wakabaki karibu na pwani, upande wa ndani wa miamba, samaki huadimika, naye ana watoto wa kulisha. Mzigo mkubwa ni wa wenye hoteli, na wa sisi tunaoandaa karamu za harusi na Maulidi, maana ndio tunaoagiza kwa wingi, na agizo letu humfikia mvuvi kabla hajatweka tanga. Tumwambie wakati huo kwamba tutanunua wa mshipi na wa dema, na kwamba bei itazingatia saa nyingi atakazokaa baharini. Bei hiyo ilipwe taslimu chombo kinapofika, kwa sababu mvuvi aliyetii, akarudi na samaki wachache walio halali, kisha akakopwa hadi mwezi ujao, tutakuwa tumemrudisha kwenye juya kwa mikono yetu wenyewe.